Fundi Anapolala

3 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na bati la karakana linapiga kelele kiasi kwamba ukitaka kusema neno lazima umsogelee mtu. Labda ndiyo maana naandika. Daftari hili lilikuwa la vipimo vya nyuzi, nimetumia kurasa nne tu.

Leo baba mkwe amekaza bolti ya juu ya upinde wa mteja mizunguko miwili, akanipa. "Tayari, mwanangu. Tundika."

Bolti ya chini hakuigusa.

Tunatengeneza pinde za shabaha, zile zenye gurudumu dogo kila ncha. Zile bapa mbili zinazopinda mtu anapovuta tunaziita mabawa, na nguvu yote ya upinde imelala humo. Nilipoolewa nyumba hii, miaka sita iliyopita, wanawe wawili walikuwa hawataki hata harufu ya karakana. Akanifundisha mimi. Somo la siku ya kwanza lilikuwa hili: bolti ya juu ukiikaza mizunguko miwili, na ya chini miwili, la sivyo bawa moja linabeba mzigo wa mawili mpaka lipasuke. Alinirudisha siku ile mara saba, nusura nilie.

Nikasogea dirishani kana kwamba natafuta kitambaa, nikakaza ya chini, nikatundika. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakuniona.

6 Machi

Mvua. Nyuzi mbili mpya, mishale kumi na miwili imepimwa. Hakuna jingine.

10 Machi

Kila upinde unaoingia tunaupitishia pamba. Unachana kipande, unakiburuza ukingoni mwa bawa, taratibu, juu mpaka chini. Bawa zima halishiki kitu. Lenye ufa, hata ule ambao jicho halijauona, linabaki na unyuzi wa pamba.

Leo baba mkwe amepitisha pamba kwenye upinde wa kijani, na bawa la chini limebaki na kishungi cheupe, kirefu kama ukucha, kinatikisika kwa upepo wa feni.

"Safi," akasema.

Na mimi, bila kufikiri, nikaitikia, "Safi, baba."

Nimeuficha ule upinde nyuma ya kabati. Mwenyewe alipokuja nimemwambia kipuri hakijafika. Nimemwokoa mtu uso wake kwa uongo, na bado sijisikii mwema.

14 Machi

Mume wangu amepiga simu kutoka njiani. Anaendesha lori la saruji, akikaa nyumbani siku mbili mfululizo majirani wanauliza kama anaumwa.

"Macho ya mzee yamekwisha," nikamwambia.

"Yamekwisha vipi? Jana nimeongea naye, ameniambia anaona vizuri tu."

"Amekuambia kwa simu."

"Sikiliza, mke wangu. Tangu mama afariki, hiyo karakana ndiyo iliyobaki kumwamsha asubuhi. Ukimtoa pale umemzika. Wewe si upo? Mwangalieangalie."

"Nimwangalie mpaka lini?"

"Wewe si upo?" akarudia, kama vile hilo ndilo jibu.

15 Machi

Nimejaribu. "Baba, twende hospitali siku moja wakupime macho."

"Nani kakuambia macho yangu yana shida?"

"Hakuna, baba."

"Basi."



21 Machi

Nimeshapata utaratibu. Baba mkwe analala baada ya chakula, saa nane mpaka saa tisa, kwenye kiti chake kile cha mkono mmoja, mlango wa chumba ukiwa wazi. Saa hiyo moja ndiyo yangu. Nashusha kila alichotengeneza asubuhi. Napima bolti, napitisha pamba, naangalia kama magurudumu yamekaa sawa, kama uzi umelala njiani mwake. Palipokosewa narekebisha, kisha natundika pale pale, kwa mwelekeo ule ule. Spana naifunga kitambaa isigonge chuma.

Mume wangu akiniuliza nafanya nini siku hizi, nimjibu nini? Namwibia baba yako makosa yake.

Leo yalikuwa manne.

27 Machi

Mvua. Matatu.

28 Machi

Matatu tena. Moja nusura linipite: mkia wa mshale wa majaribio ulikuwa na ufa. Mkia ukipasuka wakati wa kuachia, uzi unarudi mtupu bila kubeba kitu, na nguvu yote inarudi kwenye mabawa. Upinde hauna pa kuipeleka.

2 Aprili

Siku ya tisa ya mvua mfululizo. Barabara ya chini imekatika, hakuna mteja. Baba mkwe kachangamka sana, sijui kwa nini. Kaniletea mabawa sita ya zamani, akafumba macho kabisa, akawa anayagonga kwa ukucha na kusikiliza.

"Zima. Zima. Hili limechoka. Zima. Hili tabaka limeachana, huku mwisho. Hili lilipikwa na jua, mwenyewe aliliacha ndani ya gari."

Nikayapitishia kioo cha kukuzia. Yote sita kapatia.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. "Wewe unadhani ufundi uko kwenye macho," akasema.

Nilitaka kumwambia wakati ule. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo, ningeweza kuusukuma. Lakini tulikuwa tunacheka, na ilikuwa siku nyingi hatujacheka hivyo.

9 Aprili

Mwalimu amekuja. Ni mwanamke wa rika langu, anafundisha hesabu shule ya upande wa pili wa daraja, na katika klabu nzima hakuna anayemfikia kwa shabaha. Mashindano ya mchujo ni mwisho wa Mei. Anataka uzi mpya na uzito wa kuvuta uongezwe kidogo.

"Fundi, usinipe upinde wa kuvutwa na trekta," akamwambia baba mkwe. "Mimi nakula chaki tu."

"Chaki ina madini," baba mkwe akajibu. "Njoo tarehe kumi na nane."

Kaniachia namba yake ya simu. Nimeiandika ukutani kwa penseli, juu ya swichi.

12 Aprili

Mawili.

15 Aprili

Dada yangu amejifungua mapacha. Amepiga simu mwenyewe, sauti imekauka. "Huji?"

"Nina kazi."

"Tangu umeolewa una kazi. Hiyo karakana ina wewe au wewe una hiyo karakana?"

Tangu mwezi wa pili sijavuka daraja. Hata sokoni natuma mtu. Nikitoka saa moja, nawaza: sasa hivi amebana nini?

17 Aprili

Nakwenda. Siku mbili tu. Nimempangia baba mkwe kazi ya mishale, nikamwambia upinde wa Mwalimu tutaufanya wote nikirudi.

"Nenda salama," akasema. "Nilikuwa fundi kabla hujazaliwa."

19 Aprili, jioni

Nimerudi. Mapacha wana nywele kama brashi. Nililala usiku mzima bila kuota spana.

Ndoano ya upinde wa Mwalimu ilikuwa tupu. Baba mkwe kaubana mwenyewe kwenye mtambo unaokunja mabawa ili uzi utoke, kabadilisha uzi, kakaza bolti, na Mwalimu kauchukua jana mchana. "Kafurahi sana," akasema.

Nimesimama mbele ya namba ile ukutani, simu mkononi. Nimwambie nini? Usiuvute, naomba uurudishe, baba mkwe wangu haoni? Neno hilo likitoka haliishii kwake. Kesho klabu nzima inalo, keshokutwa mume wangu.

Nikajiambia, mara nyingine anapatia. Nikajiambia, ni mara moja tu. Nikaweka simu chini, nikapika.

20 Aprili

Bawa la juu la upinde wa Mwalimu limepasuka.

Aliyetuletea habari ni Kocha wa klabu, ameingia karakana akiwa amelowa, hata salamu akasahau. Mwalimu alikuwa anavuta mshale wa tano. Bawa likavunjika kati, kebo inayounganisha magurudumu ikamchapa mkono kuanzia kiwiko mpaka kiganja, kipande kikampiga juu ya nyusi. Ameshonwa nyuzi sita. Daktari kasema kingeshuka upana wa kidole, jicho lisingekuwepo. Kifundo cha mkono kimefungwa plasta.

Baba mkwe aliketi. "Ameachia uzi mtupu," akasema.

"Anasema alikuwa bado anavuta," Kocha akajibu. "Hakuwa ameachia."

"Wote husema hivyo. Bawa zima halivunjiki bure. Kaachia bila mshale, jana au juzi, labda kwa mchezo tu, akanyamaza. Leo bawa likadai."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo linalonitesa. Alikuwa anaamini kila neno.

Kocha akanigeukia. "Na wewe, dada, unasemaje?"

Bati lilikuwa linalia. Baba mkwe kainua uso kuelekea nilipo, si penyewe hasa, pembeni kidogo.

"Sikuwepo," nikasema.

24 Aprili

Klabu imemwandikia Mwalimu barua: ametumia chombo kwa uzembe na amesema uongo. Hataruhusiwa kuingia ukumbini mpaka mwaka ujao. Mtu anayefundisha watoto wa watu, ameandikiwa mwongo.

25 Aprili

Mvua.

26 Aprili

Mvua. Makosa mawili. Nimerekebisha.

30 Aprili

Jana mume wangu alilala nyumbani. Nimemweleza yote, tukiwa tumekaa kitandani, tunanong'ona kama wezi, kwa sababu chumba cha mzee kiko ukuta wa pili.

"Yule mama amepona?" akauliza.

"Anapona."

"Basi. Jambo limekwisha."

"Ameitwa mwongo."

"Na wewe unataka baba aitwe nani? Kipofu?" Akashika kichwa. "Mimi nikiwa barabarani huwa najiambia, nyumbani kuko sawa, mke wangu yupo."

"Nipo," nikasema. "Nipo mpaka nimechoka kuwepo."

Akageukia ukutani. Asubuhi ameondoka kabla ya chai.

8 Mei

Mwalimu amekuja mwenyewe, amebeba vipande vya upinde ndani ya foronya ya mto. Alichagua vizuri saa, au bahati tu: baba mkwe alikuwa amelala. Kovu lake bado jekundu.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nakuomba kitu kimoja. Viangalie, uniambie ulichoona. Nikiambiwa na fundi aliyeangalia, nitakubali."

Nikavipanga juu ya meza. Upinde ulioachiwa mtupu unaacha alama: gurudumu linapinda, ekseli inakwenda upande, uzi unaruka njia. Magurudumu yake yalikuwa yamenyooka. Kisha nikageuza bawa la juu. Ukingoni, karibu na ncha, palikuwa na mbonyeo mmoja mdogo, umekata rangi mpaka nyuzinyuzi za ndani. Ule ufa ulianzia hapo hapo. Naujua mbonyeo huo. Ni kidole cha mtambo wa kubana, kikiwekwa upana wa ukucha mmoja ndani zaidi ya panapotakiwa. Kinauma ukingo, na bawa linatoka kwenye mtambo likionekana zima.

Mwalimu alikuwa ananitazama usoni, hakutazama bawa kabisa.

"Niachie niangalie vizuri," nikasema.

"Umeshaona," akasema. Akaviacha, akatoka mvuani.

13 Mei

Sili vizuri. Makosa matano leo. Moja nimeliona baada ya saa tisa, ikabidi nidondoshe kopo la misumari kwa makusudi ili nipate sababu ya kuchutama chini ya ndoano.

17 Mei

Leo nimesema.

Baada ya chakula hakwenda kulala, alisema mguu unauma. Nikaona saa yangu moja imefutwa na kazi yote ya asubuhi imetundikwa pale. Nikafunga mlango wa mbele. Nikachukua bawa lililovunjika, nikalitia mikononi mwake.

"Baba, hebu lishike hili."

Akalishika. Kidole gumba kikaenda chenyewe ukingoni, polepole, kama anavyofanya siku zote. Kikafika kwenye mbonyeo, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena.

"Hili limebanwa vibaya," akasema. "Nani alibana?"

"Wewe, baba."

"La nani hili?"

"La Mwalimu."

Sikumbuki mvua ilikuwa inanyesha au imekatika. Nakumbuka kidole kile hakikuondoka pale.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Na siku nyingine? Siku nyingine huwa sibani vibaya mimi?"

Nikamwambia. Bolti ya tarehe tatu. Pamba ya upinde wa kijani. Saa nane mpaka saa tisa, kila siku, na kitambaa kwenye spana. Nilidhani nikisema yote, ataona nilivyompenda.

Akasimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hata siku ile ya mara saba hakupaza.

"Miezi mitatu! Miezi mitatu unanichezea kama mtoto? Mimi nikitundika, najua kazi yangu iko sawa, kwa sababu hakuna aliyerudi kulalamika! Ningejuaje? Ungeniambia tarehe tatu, ningekuchukia wiki moja. Yule binti angekuwa na mkono wake!"

"Niliogopa, baba."

"Uliniogopea mimi. Yeye nani alimwogopea?"

Akanyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akapata funguo. Akanirudishia bawa, akanitoa, akafunga karakana, akaingia chumbani kwake.

18 Mei

Hakula.

19 Mei

Hakula nilichopika. Amechemsha mayai mwenyewe, ameunguza sufuria. Nimeiosha.

20 Mei

Nimekuwa nikimwona kama mzee mkaidi aliyejifungia ndani ya kiburi, na mimi mtumwa wa kiburi chake. Sasa nahesabu nani alimfungia. Kila kosa nililolitoa kimyakimya lilikuwa kosa ambalo angeweza kulijua. Mwanawe akamwambia yuko sawa, mimi nikamwambia safi, na ndoano zikamwambia hivyo hivyo. Angejuaje?

Nyumba ina vyumba vitatu na watu wawili, na hatuna pa kupishana.

23 Mei

Nimekwenda kwa Kocha. Nimevuka daraja kwa miguu, maji yamejaa mpaka kingo. Nikampa bawa, nikamwonyesha mbonyeo, nikamweleza lilivyobanwa. Kisha nikamwambia na langu: kwamba tarehe kumi na tisa jioni nilijua upinde haujakaguliwa, namba ya Mwalimu ninayo, na sikupiga.

"Hilo si lazima tuliandike," akasema, kwa huruma.

"Liandike."

Nikatia sahihi. Barua ya Mwalimu itafutwa, na pinde zote zilizopita karakana kwetu tangu mwaka uanze zitasimamishwa mpaka zikaguliwe. Mchujo ni Jumamosi. Plasta yake haitoki kabla ya mwezi wa sita.

Nilimkuta Mwalimu nje ya ukumbi, Kocha keshamwambia kwa simu. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima.

"Namba yangu ulikuwa nayo," akasema, akaenda zake.

24 Mei

Mume wangu kwenye simu: "Umemuua baba."

Nikamwambia baba yake yupo hai chumba cha pili, ampigie amwulize. Nikakata mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

26 Mei

Hakuna mvua. Ukimya wa bati unatisha, nasikia mpaka kijiko cha mzee.

28 Mei

Asubuhi baba mkwe amegonga mlango wangu. Amevaa shati la mikono mirefu, vifungo viwili vimepishana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unapajua kwa yule binti?"

"Napajua."

"Nipeleke."

Nikamrekebishia vifungo, akaniachia. Tukatoka. Nilidhani angetaka kutembea mwenyewe mbele yangu kama kawaida, lakini kwenye kona ya kwanza kaushika mkono wangu juu ya kiwiko, akaubana. Madimbwi yalikuwa kila mahali. Nikisema "maji," ananyanyua mguu. Watu walitusalimia, "Fundi, za siku?" naye akawa anajibu kuelekea sauti.

Mwalimu alifungua mlango, mkono mmoja kwenye plasta, kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Nyuma yake niliona madaftari ya wanafunzi yametandazwa sakafuni. Alipotuona hakusema karibu.

Baba mkwe aliniachia mkono. Akasimama wima, akatazama mahali alipodhani uso wake upo.

"Mimi ndiye niliyebana upinde wako," akasema. "Nikasema umeachia uzi mtupu. Hukuachia. Sioni, mwanangu. Tangu mwaka jana sioni. Meza naiona kama ukungu, watu nawajua kwa miguu yao. Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe wa kwanza."

Nilikuwa nimeishi naye miaka sita, na miezi mitatu hii nimezunguka neno hilo mchana kutwa. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Mwalimu alimtazama yeye. Mimi hakunitazama. Kisha akatoka kizingitini, akamshika mzee kwa mkono wake ule mzima.

"Kuna ngazi mbili hapa," akamwambia. "Ya kwanza ni fupi."

Wakaingia. Hakunikaribisha, wala mlango hakuufunga. Nikabaki barazani, nasikia wanavyoongea bila kusikia maneno, mpaka baba mkwe aliponiita nimrudishe nyumbani.